Mfumo Uko Sawa, Mama

Hospitalini walimwita Kijani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na skrini kubwa aliyoitundika ofisini kwake, chumba kidogo mwishoni mwa korido ambamo feni za kompyuta zilivuma kutwa nzima na mtu akitaka kusikika sharti apaze sauti. Skrini ile ilionyesha taa, kila moja na kazi yake: maabara, duka la dawa, wodi, usajili. Mambo yakiwa sawa taa ni ya kijani. Yakiharibika inageuka nyekundu na kengele inalia. Mgeni yeyote aliyefika, awe mkaguzi au mtu wa kuuza sindano, alipitishwa pale akaonyeshwe, na Kijani alikuwa akisimama kando ya skrini yake, mikono nyuma, kama mzazi kwenye mahafali ya mwanawe.

Kilichompa kiburi zaidi ni kwamba mfumo wake haukuwahi kuzimwa. Aliuwasha wakati binti yake wa kwanza hajaota jino, na sasa binti huyo alikuwa akisoma vitabu vya hadithi peke yake na mfumo bado unakwenda. Mafundi wa hospitali nyingine walikuwa na mazoea ya kuzima na kuwasha mifumo yao kila mwisho wa juma, naye akiwacheka. "Mfumo wa kuzimwa-zimwa ni gari la kusukuma," alisema. Watu wakacheka, wakamsifu, na wahenga walishatuambia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Yeye maji aliyatia kwenye kengele. Zamani kengele hiyo ilikuwa na kiwango kimoja: usajili wa mgonjwa ukichelewa kupita kiasi fulani, inalia. Lakini asubuhi za Jumatatu, watu wakiwa wengi, ilikuwa ikilia hovyo, wauguzi wakichungulia mlangoni kuuliza kama kuna moto. Kijani akachoka na kelele. Akaipanga upya kwa ujanja wake mwenyewe: kila siku ilinganishe mwendo wa leo na mwendo wa jana, na ilie tu kama leo ni mzito sana kuliko jana. Kengele ikanyamaza. Haikulia tena kabisa, na yeye hakujiuliza kwa nini.

Dirisha la usajili lilikuwa moja tu hospitali nzima, na aliyekaa nyuma ya kioo chake alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu alikikalia kiti kile tangu Kijani hajamwona hata huyo mke. Ujanani alikuwa mpiga chapa, na alipoletewa kompyuta hakubabaika. Alisema herufi ni zile zile, zimehama nyumba tu. Wagonjwa wa siku nyingi aliwajua kwa sura na kwa maradhi yao, na hakuwahi kumwuliza mtu kwa sauti kubwa anaumwa nini. Tena ni yeye aliyesikia kwamba hospitali inatafuta fundi, akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda kwa msimamizi kumwombea mkwewe nafasi ya usaili. Kwa hiyo kila asubuhi Kijani, kabla hajafungua ofisi, alipitia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai, au umekimbilia hizo taa zako?"

Foleni haikurefuka kwa siku moja. Kwanza ilifika kwenye benchi la mlangoni, baadaye ikavuka kizingiti, halafu watu wakaanza kusimama nje barazani, wagonjwa wameegemea ukuta. Mama alikuwa akiandika jina, anabonyeza, anasubiri. Kiduara kinazunguka. Anasubiri. Mgonjwa anamtazama yeye, yeye anatazama kiduara. Na mtu aliye kwenye foleni haoni skrini, anamwona aliyekaa. Maneno yakaanza kupita kwenye kile kitundu cha kioo. "Bibi, kama umechoka si upumzike?" "Wewe ungekuwa nyumbani sasa hivi unalea wajukuu!" Mama aliyameza yote, akasema samahani, akamwita anayefuata.

Siku moja alimwambia mkwewe, kwa upole kama anayemshtakia mtu mtoto wake mwenyewe: "Mwanangu, hiki kitu chako siku hizi nikibonyeza, kinawaza kwanza."

Kijani akaenda kutazama. Taa ya usajili ilikuwa kijani kibichi. Kesho yake akafika mapema, kabla ya wagonjwa, akajaribu mwenyewe kumsajili mtu wa uongo, na mfumo ukajibu bila shida, maana hapakuwa na mwingine wa kuugombania. Akarudi dirishani. "Mfumo uko sawa, mama," akasema. "Labda unabonyeza mara mbili mbili. Ukishabonyeza mara moja, toa mkono, subiri." Alisema pole pole, akionyesha kwa kidole hewani, vile tunavyomfundisha mtoto kuvuka barabara. Foleni ilikuwa inasikiliza.

"Haya, mwanangu," akasema mama. "Nitajitahidi."

Malalamiko yakafika juu, na kwenye kikao cha wakuu wa idara msimamizi wa hospitali akalitoa suala la foleni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyependa kikao kipite muda wake.

"Fundi, mfumo ukoje?"

"Uko sawa."

"Una hakika?"

"Taa ni kijani, na haujazimwa hata mara moja tangu tuuwashe."

Msimamizi akafunika kalamu yake. "Basi kama si mfumo, ni mtu."

Hakuna aliyetaja jina, maana dirisha ni moja na anayelikalia anajulikana. Kijani aliitazama meza. Alijiambia kuwa ameulizwa habari za mfumo akajibu habari za mfumo, mtu hakumtaja. Watu wa kujificha nyuma ya kazi zao ndivyo wanavyojisafisha, na mimi sijapata kuona sabuni nyepesi kuliko hiyo.

Ijumaa jioni mama akaja nyumbani kwao. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, na ombi lake hakulielekeza kwa mkwe bali kwa bintiye, kwa kuwa kuna mambo mtu mzima anaona haya kumwomba mkwewe.

"Mwambie mumeo anifundishe kuchapa upya."

Mke wa Kijani akacheka. "Mama jamani! Si wewe uliyenifundisha mimi?"

"Hizo zilikuwa enzi zangu. Sasa nimekula chumvi nyingi, vidole vimekuwa vizito. Watu wananisema, na wana haki ya kusema. Wanaumwa wale."

Kijani akaleta laptopu yake, akafungua ukurasa mtupu. Binti yao, kwa furaha ya kupewa kazi ya maana, akachukua kitabu chake akaanza kusoma kwa sauti ili bibi aandike. Mama akavua pete, akaweka vidole mahali pake, akaanza. Herufi zilimiminika. Mtoto akasoma haraka, bibi akamfikia; akasoma haraka zaidi, akajikwaa kwenye neno, akalia, "Bibi, ningoje na mimi!" Mke wa Kijani alicheka hadi akashika mbavu. Mama peke yake ndiye hakucheka.

"Hapa naweza," alisema, akivitazama vidole vyake kana kwamba vimemsaliti. "Kule dirishani ndiyo siwezi. Sijui ni woga, sijui ni uzee."

Kijani akainuka. Aliichukua laptopu, akaingia nayo chumbani, akajiunganisha na mfumo wa hospitali, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aipange upya ile kengele. Hakuilinganisha leo na jana. Alizitandaza siku zote, tangu siku ya kwanza, kwenye mstari mmoja.

Mstari ulikuwa unapanda. Haukuwa na mahali uliporuka, wala siku ambayo ungeweza kusema hapa ndipo palipoharibika. Ulipanda taratibu tu, kama barabara ya mlimani ambayo mwenda kwa miguu huitambua akishaanza kuhema. Leo ilikuwa nzito kuliko jana kwa unywele. Jana kuliko juzi, unywele. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kimejaa na kumwagika kwenye foleni ya wagonjwa. Programu ya usajili ilikuwa na kasoro: kila ilipomwandikisha mtu ilichukua nafasi kidogo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ikimaliza hairudishi nafasi yote. Ni kama jirani anayeazima sahani kila siku na kila siku anabaki na moja. Kuizima na kuiwasha kungemlazimisha jirani huyo arudishe vyombo vyote. Wale mafundi aliowacheka walikuwa wakifanya hivyo kila mwisho wa juma, na Kijani hakufanya hata mara moja kwa ajili ya sifa.

"Umeona tatizo lake ni nini?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni.

Sasa angalia. Neno lilikuwa mdomoni. Mama yuko pale, amevua pete, anangoja kuambiwa anaumwa nini. Kijani akatoka, akakaa. "Uko vizuri, mama," akasema. "Ni mazoezi tu kidogo."

Jumamosi mchana, dirisha lilipofungwa, alikwenda hospitali peke yake, akauzima mfumo, akauwasha. Kazi ya dakika chache. Alipokuwa akirudi nyumbani alijipangia mambo yakampendeza: Jumatatu foleni itakwenda, mama atadhani ni yale mazoezi, atafurahi, kila mtu atabaki na heshima yake. Siku moja, wakiwa wamekaa vizuri, atamweleza. Na alilala usingizi mzuri tu, msimwonee huruma.

Jumatatu alikuta nyuma ya kioo amekaa binti mgeni mwenye kucha za rangi. Msimamizi hakuwa mtu wa kungoja. Mama alikuwa amehamishiwa stoo ya majalada ya zamani, nyuma ya jengo, tangu alfajiri ya siku hiyo. Na foleni ilikuwa inateleza. Binti anaandika, anabonyeza, mfumo unajibu, anayefuata. Watu waliozoea kushinda pale waliitwa kabla hawajakaa. Kabla jua halijapanda sana benchi lilikuwa tupu, na mlinzi wa mlangoni, ambaye mama alikuwa akimgawia chai yake, alisema kwa sauti, "Kumbe ni yule bibi tu!"

Msimamizi akamkuta Kijani koridoni, akamgusa bega. "Fundi, ulisema kweli. Wengine walidhani ungemtetea mkweo."

"Asante," akasema Kijani.

Asante! Maneno yote yaliyomo kwenye lugha hii, akaliokota hilo.

Hajaondoka pale, mama akatokea kutoka stoo, vumbi kwenye mikono ya gauni. Alikuja kujionea. Alisimama kwenye kona, kando ya mkwewe, akamtazama yule binti akiita mtu, na mwingine, na mwingine.

"Angalia anavyokwenda yule mtoto," alisema taratibu. "Basi kweli nilikuwa nawachelewesha. Watu wanaumwa, mwanangu, na mimi nimewakalia." Akafuta macho kwa kiganja, vumbi likabaki shavuni. "Nisamehe na wewe. Nilikuwa nakisingizia kitu chako."

 Kijani alitaka sakafu ipasuke. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Usijali, mama."

Tangu saa ile chakula hakikushuka. Alikaa mbele ya skrini yake bila kuitazama. Akimwona mlinzi, anapita mlango wa nyuma. Na mlango wa nyuma ulipita stoo, kwa hiyo huko nako akawa hapiti. Akasalimiwa "Kijani!" akaona kama ametukanwa. Nyumbani mkewe alikuwa na habari mpya kila jioni, zote za mama. Mama amesahau ufunguo wa stoo akalia, akisema akili zinamwacha. Mama ameacha kuandika ujumbe kwa simu, anasema atakosea. Mama hataki mjukuu aje kumsomea. Mwishowe ikaja habari iliyozidi zote: mama ataomba kustaafu Ijumaa, kabla ya wakati wake, maana haoni anachofaa.

"Mtu aliyekuwa akipiga chapa amefumba macho," alisema mkewe, akigawa chakula. "Sijui amepatwa na nini mama yangu."

"Hajapatwa na kitu," akasema Kijani. Na akamweleza yote, macho kwenye sahani.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua lini?"

"Ile Ijumaa. Alipokuwa anachapa."

"Hapa? Amekaa hapa, na wewe ukatoka chumbani ukamwambia mazoezi?"

 Mkewe akaitoa sahani mbele yake, chakula hakijaguswa, akaifunika. "Inuka twende kwa mama."

"Uanze wewe kumwambia, mimi nita..."

"Mdomo wangu siuazimishi. Inuka."

Nyumba ya mama haikuwa mbali. Walimkuta anakunja nguo. Kijani akakaa kwenye kigoda, chini kuliko kiti alichopewa, akasema: mfumo ndio uliokuwa mzito, ulikuwa unazidi kuwa mzito siku hadi siku, kengele aliipanga vibaya yeye mwenyewe, na kikaoni alisema uko sawa bila kuchunguza. Alisema na habari ya Jumamosi, kwamba aliuwasha upya kwa siri, na ndiyo maana yule binti alikwenda mbio.

Mama aliacha kukunja. "Kwa hiyo mimi sijachakaa?"

"Hujachakaa, mama."

Uso wake ukafunguka wote, akawa kama msichana, akamgeukia bintiye na kumshika mkono, "Umesikia? Sijachakaa!" Furaha ile ilimchoma Kijani kuliko ambavyo kofi lingemchoma. Angependa atukanwe. Lakini furaha haikukaa; taratibu ikamtoka mama usoni, na mkono wa bintiye akauachia.

"Ngoja kwanza. Ile Jumatatu tuliposimama pale kwenye kona. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nikakuomba msamaha."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ukaniambiaje?"

 "Nilisema... usijali."

Mama akachukua nguo nyingine akaikunja vizuri, pembe kwa pembe. 

"Kesho nitakwenda kwa msimamizi," Kijani akasema, "nitasema mbele ya kikao chote."

"Utakwenda, ndiyo. Ulisema uongo pale, utaufutia pale. Lakini msimamizi hakunitukana mimi. Walionitukana walikuwa kwenye foleni. Kule nako utasema."

Kikaoni msimamizi aliutazama ule mstari unaopanda kwa muda mrefu. Kijani alimweleza kwamba mfumo utakuwa unazimwa na kuwashwa kila Jumamosi mpaka kasoro ipatikane, na kwamba kengele sasa inalinganisha kila siku na siku ya kwanza, mfumo ulipokuwa mzima. Wakuu wa idara walikuwa wakijikohoza. "Mama arudi dirishani kesho," msimamizi akasema. "Lakini mambo ya kutangaza, fundi, kuna haja gani? Limeisha. Tutaonekanaje?"

Ulikuwa mlango ulioachwa wazi, na Kijani alikuwa bingwa wa milango ya namna hiyo. "Mimi nimenyamaza vya kutosha," alisema.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa kwenye kiti chake, pete mezani. Yule binti alipelekwa duka la dawa, kazi aliyosomea. Kijani alingoja watu wajae, akaenda akasimama mbele ya dirisha, mgongo kwenye kioo, akawatazama. 

"Jamani, naombeni mnisikilize kidogo. Mimi ni fundi wa kompyuta za hapa."

"Yaani leo tena hakuna mfumo?" mzee mmoja akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Upo, mzee. Nataka kusema kwamba ule ucheleweshaji wa siku zile..."

"Siku zipi?" akauliza kijana mwenye bandeji. "Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Kaka, wewe uko foleni au unatupitia mbele?" akauliza mwingine.

Hapo ndipo Kijani alipoelewa, na aibu yake ikapata mzizi. Wale waliomwita mkwewe kizee walishaandikishwa, wakapewa dawa zao, wakatawanyika majumbani, kila mmoja na hadithi yake ya bibi mzito wa dirishani. Hakuwa na njia ya kuwafuata. Akapaza sauti hata hivyo, kama alivyozoea kupaza mle ofisini mwake, na safari hii haikuwa kwa kujisifu. "Waliokuja hapa wakakaa kutwa, hakuwachelewesha mama huyu! Niliwachelewesha mimi! Aliniambia mfumo ni mzito, nikamwambia anabonyeza vibaya. Mbele ya foleni nilimwambia. Hakuwa na kosa hata moja."

Kicheko kilikwisha. Watu walitazama chini, wengine walitazama kadi zao. Karibu na mwanzo wa foleni alisimama mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, naye akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia akalee wajukuu."

 Yule mwanamke alisogea mpaka kwenye kioo, akafungua mdomo, akashindwa, akasimama tu na kadi yake mkononi.

"Lete kadi, mwanangu," mama akamwambia. "Mtoto ana homa? Tangu lini? Haya, tumwandikishe kwanza, hayo mengine baadaye." Na vidole vikaanza kukimbia.

Kijani alibaki pale pale. Alikuwa amesema yote aliyokuja kusema, na bado alikuwa anangoja, hata yeye hakujua anangoja nini. Labda neno moja, jicho moja tu kutoka nyuma ya kioo. Mama akabonyeza, mfumo ukajibu, akamrudishia mwanamke kadi yake. Kisha akainua uso, akamwona mkwewe bado amesimama.

"Umemaliza?" akasema. "Basi sogea, umewazibia watu dirisha."